Taa Inapokataa Kukonyeza

Mpenzi msomaji, dereva aliye barabarani ni bubu. Hata akipaza sauti namna gani, mwenye boda boda anayempita ubavuni hamsikii, wala mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni hamsikii. Ulimi wake ni ile taa ndogo ya rangi ya chungwa iliyo pembeni mwa gari, ambayo wengi wetu tunaiita indiketa. Ikikonyeza upande wa kushoto, kila mtu amejua kwamba gari linakunja kushoto. Isipowaka, watu hubahatisha, na barabara zetu si mahali pa kubahatisha.

Wewe uliyewahi kusafiri usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa unajua kwamba ulimi huo una hata lahaja zake. Dereva wa trela aliye mbele akiwasha indiketa ya kulia ilhali hakuna njia yoyote ya kukunjia, anakuambia, "Ngoja, kuna gari linakuja." Akiwasha ya kushoto, anakuambia, "Haya, pita." Lugha hiyo haifunzwi katika shule za udereva, na ole wake anayeiamini bila kutazama mwenyewe. Hata hivyo inaonyesha jinsi taa hizo ndogo zilivyobeba mambo mazito.

Leo nataka tuzungumze juu ya ulimi huo unapoingia ganzi, hasa katika gari la zamani. Huenda ukasema, "Mimi sina gari, seuze la zamani." Nivumilie. Utaona kwamba haya niyasemayo yanahusu pia pikipiki, redio na hata taa ya kusomea ya mwanafunzi. Tena yanahusu pesa, na sijaona familia ya mjini isiyotaka kusikia habari za kuokoa pesa.

Urithi wa marehemu

Marehemu kaka yangu alikuwa na gari la Kiingereza aina ya MGB GT, la mwaka wa 1972. Kama hulijui, ni gari dogo la michezo, fupi kwa kimo, lenye pua ndefu na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Magari ya MGB yalianza kuundwa mwaka wa 1962 katika mji wa Abingdon, Uingereza, na yakaendelea kuundwa hadi mwaka wa 1980. Hilo la GT, lenye paa la chuma, lilitokea mwaka wa 1965. Yaliyoundwa kwa jumla yanapita nusu milioni, ndiyo maana hata leo vipuri vyake havijaadimika kama watu wanavyodhani.

Wakenya wamependa magari ya aina hii tangu zamani. Wazee wetu hawajasahau jinsi Datsun 240Z, ambalo pia ni gari la michezo, lilivyotwaa ushindi katika mbio za Safari Rally mwaka wa 1971 na tena mwaka wa 1973, mara hiyo ya pili likiendeshwa na Shekhar Mehta. Nao waliowahi kufika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong siku ya Concours d'Elegance wanajua jinsi watu wanavyoliinamia gari kuukuu kama bibi harusi.

Kaka alipofariki, gari lilibaki chini ya turubai uani. Shemeji yangu hakuwa na haja nalo. Haja yake ilikuwa karo ya binti yao mkubwa, aliyekuwa ameingia mwaka wa pili chuo kikuu. Akapatikana mnunuzi, mpenzi wa magari ya kale, aliyekubali kutoa shilingi 800,000. Shemeji akashusha pumzi.

Lakini mnunuzi, kama ilivyo haki yake, alitaka gari lipimwe kwanza. Likapelekwa kwenye gereji moja mjini. Injini ikasifiwa, breki zikasifiwa, ila indiketa zikamwangusha mwali. Ya kushoto iliwaka na kubaki imewaka bila kukonyeza. Ya kulia ilikonyeza polepole na kwa unyonge kama mtu mwenye usingizi. Fundi wa hapo akafungua kidogo, akafunga, akatoa hukumu: nyaya zote za gari zimezeeka, lazima ziagizwe mpya kutoka Uingereza, na kazi yote itagharimu shilingi 95,000. Mnunuzi aliposikia hayo aliingiwa na hofu ya moto, akashuka hadi 650,000. Hizo 150,000 zilizokatwa, msomaji wangu, ndizo zilizokuwa karo na malazi ya binti.

Shemeji alinipigia simu jioni hiyo. Alisema tu, "Shemeji, wewe umetengeneza redio miaka thelathini. Hebu njoo utazame kabla sijakubali."

Dalili kwanza, spana baadaye

Nilimkuta binti ameshakunja mikono ya shati. "Baba mdogo, tuanze kung'oa wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hatung'oi kitu. Daktari mwema hampasui mgonjwa kabla ya kumwuliza anaumwa wapi. Nikamkalisha kwenye usukani, nikampa kalamu na karatasi, nami nikawa nalizunguka gari. Tuliandika dalili nne.

Ya kwanza, indiketa za kushoto ziliwaka bila kuzimika, na ile ya mbele ilikuwa hafifu kuliko ya nyuma. Ya pili, za kulia zilikonyeza polepole, na ya nyuma ilikuwa hafifu. Ya tatu, na hii ndiyo iliyonichekesha, kila taa hiyo ya nyuma kulia ilipojaribu kuwaka, taa nyekundu ya usiku iliyo pamoja nayo ilichungulia kidogo ingawa hakuna aliyeiwasha. Ya nne, binti alipokanyaga breki, indiketa hiyo ya kulia ilikaribia kufa kabisa.

Hebu sasa tufahamu jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi, kwa maana asiyejua njia ya maji hawezi kujua bomba limeziba wapi.

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya ufunguo, huingia kwenye fyuzi, kisha huenda kwenye kidude kidogo ambacho mafundi hukiita flasha. Kutoka hapo huenda kwenye mkono wa swichi ulio kando ya usukani, na mkono huo ndio unaoamua umeme uende kushoto au kulia. Hufika kwenye balbu mbili, moja mbele na moja nyuma, kisha hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi la gari. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wanayoiita athi. Watu wengi hukumbuka njia ya kwenda, wakasahau ya kurudi.

Flasha ya zamani ina kipande cha chuma ambacho umeme ukipita hupata joto na kujipinda, kikakata njia. Kikipoa hurudi, njia ikafunguka tena. Ndiyo ile sauti ya tik, tik unayoisikia. Sasa zingatia hapa: kipande hicho kimepimwa kwa umeme wa balbu mbili za wati 21 kila moja. Jumla ni wati 42. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 3.5. Umeme ukipungua sana, chuma hakipati joto la kutosha, nayo taa hubaki imewaka tu au hukonyeza kwa kusuasua.

Binti aliposikia hesabu hiyo alinitazama kwa mshangao. Alisema aliikariri ile kanuni ya volti, ampea na wati akiwa sekondari, akaifanyia mtihani, akaiacha mlangoni. Hakujua kwamba ilikuwa ikimngoja ndani ya gari la babake.

Safari ya waya

Mwingereza aliyepanga nyaya za magari hayo alikuwa mtu wa mpango. Waya wa kijani mtupu unatoka kwenye fyuzi. Wa kijani kibichi wenye mstari wa kahawia unatoka kwenye flasha kwenda kwenye swichi. Wa kijani wenye mstari mwekundu ni wa kushoto, na wenye mstari mweupe ni wa kulia. Mweusi ni athi. Ukishajua hayo, huhitaji kuwa mganga.

Tulianza na betri. Mita ilisoma volti 12.5, basi betri haikuwa na lawama. Tukaenda kwenye kisanduku cha fyuzi kilicho chini ya boneti upande wa kulia. Fyuzi ilikuwa nzima, na hapa ndipo wengi huondoka wakidhani mambo ni sawa. Sisi tukapima kabla ya fyuzi na baada yake huku indiketa ikiwa imewashwa. Kabla: volti 12.3. Baada: volti 11. Volti nzima na zaidi ilikuwa ikipotelea kwenye vishikizo viwili vya shaba vilivyoota ukoko wa kijani. Tukafungua waya wa betri upande wa hasi kwanza, maana kusugua vyuma vyenye umeme ni kualika cheche. Kisha binti akavisugua kwa msasa laini mpaka vikang'aa, akavibana kidogo ili viikamate fyuzi sawasawa. Tuliporudisha, upotevu ukawa karibu na sufuri.

Taa zikapata nguvu kidogo, lakini dalili zote nne zilikuwa bado zipo. Hilo halikutuvunja moyo. Katika vyombo vya zamani si aghalabu kosa kuwa moja. Makosa matatu madogo hushikana mikono, na yeyote anayetafuta kosa moja kubwa hatimaye huamua kung'oa kila kitu.

Hatua ya pili ilikuwa kuiondoa flasha na kuunganisha nyaya zake mbili kwa kipande kifupi cha waya. Ukifanya hivyo, taa hazitakonyeza, zitawaka moja kwa moja, na hapo unaweza kuzitazama kwa utulivu. Zikiwaka zote kwa nguvu, flasha ndiyo mbovu. Kama mojawapo ni hafifu, ugonjwa uko kwenye taa hiyo wala si kwenye flasha. Ya mbele kushoto ilikuwa hafifu. Ya nyuma kulia ilikuwa hafifu. Nyingine zote zilikuwa safi.

Tukafungua kioo cha ile ya mbele kushoto kwa bisibisi. Binti akaitoa balbu na kuigeuza kwenye mwanga. Kitako chake kilikuwa sawa na cha zile nyingine, kikaingia na kutoka vizuri, lakini maandishi madogo kwenye shaba yalisema wati 5.

Fanya hesabu nasi. Ishirini na moja na tano ni 26, na 26 ukigawa kwa 12 ni ampea zaidi ya mbili kidogo. Flasha inangoja tatu na nusu. Itakonyezaje?

Binti alinyamaza kitambo, kisha akakumbuka. Walikuwa wakirudi Nairobi kutoka Nakuru usiku, yeye akiwa bado msichana mdogo, balbu ikaungua. Babake akasimama kwenye kituo cha petroli na kuuliza kama wana balbu ya kitako kile. Wakampa waliyokuwa nayo. Akasema itamfikisha nyumbani, kisha atanunua ya haki kesho yake. Tulicheka sote wawili, kwa maana sote tulimjua. Kesho ya kaka yangu ilikuwa ndefu sana.

Njia ya kurudi

Ikabaki ile ya nyuma kulia. Je, msomaji, unaikumbuka ile taa nyekundu iliyokuwa ikichungulia bila kuitwa? Huyo ndiye aliyekuwa shahidi wetu mkuu. Umeme ni kama maji ya mvua: ukiziba mfereji, hautasimama, utatafuta upenyo. Indiketa ilipokosa njia nzuri ya kurudi kwenye bodi, umeme wake ulijipenyeza kinyumenyume ndani ya balbu ya jirani na kutafuta njia ya kurudi kupitia taa nyinginezo. Ndiyo maana jirani alimeremeta. Na breki ilipokanyagwa, taa ya breki nayo ilidai njia ile ile mbovu, zikasongamana mlangoni.

Tulipima kati ya chuma cha taa na ncha hasi ya betri. Mita ingepaswa kuonyesha sufuri au karibu na sufuri. Ilionyesha volti 4. Tukafuata waya mweusi hadi ulipofungwa kwa skrubu kwenye bodi ndani ya buti. Hapo palikuwa na kutu nyekundu, unene wa maganda ya njugu. Binti akaifungua skrubu, akasugua bodi na kichwa cha waya mpaka chuma cheupe kikatokea, akakaza tena na kupaka grisi nyembamba juu yake ili unyevu usirudi. Mita ikaonyesha sufuri.

Tulirudisha flasha, ile ile ya zamani, tukatia balbu mpya ya wati 21 niliyoinunua Kirinyaga Road kwa bei ya soda mbili. Binti akageuza ufunguo na kusukuma mkono wa swichi. Tik, tik, tik. Kushoto na kulia, mbele na nyuma, na kishale cha kijani kwenye dashibodi kikifuata mdundo. Akakanyaga breki, hakuna kilichobadilika. Tulihesabu kwa saa ya mkononi: mikonyezo 80 kwa dakika, nayo inayotakiwa ni kati ya 60 na 120.

Shemeji alitoka jikoni akauliza tumetumia kiasi gani. Nilipomwambia, hakusema neno. Alisimama hapo akizitazama taa zikikonyeza.

Mnunuzi alirudi Jumamosi iliyofuata. Binti ndiye aliyemwonyesha kila tulichokifanya, akampa na ile karatasi ya vipimo, kabla na baada. Alizisoma zile namba mara mbili, akawasha na kuzima mwenyewe. Akalipa 800,000 zake. Kabla ya kuondoka alimwuliza binti kama anasomea uhandisi. Binti akamwambia anasomea biashara, na hiyo ndiyo biashara.

La kujifunzia

Wako watu wanaopenda kuwacheka Waingereza kwa umeme wa magari yao ya zamani, na mzaha juu ya kampuni ya Lucas, iliyovitengeneza vifaa vingi vya magari hayo, umezunguka dunia. Mimi sikuona kosa la kiwanda. Niliona shaba iliyoota ukoko kwa zaidi ya miaka 40 ya mvua na vumbi, skrubu ambayo haikuwahi kuguswa, na balbu ya kuazima. Chombo kingestahimili zaidi ya hapo?

Wala simlaumu yule fundi wa gereji kwa kuwa na nia mbaya. Wakati mwingine nyaya huwa zimekauka na kupasuka kweli, na hapo hakuna budi kuzibadilisha zote, maana moto hauna msamaha. Lakini kabla ya kukubali hukumu kama hiyo, mwombe fundi akuonyeshe kwa mita umeme unapopotelea. Asiyeweza kukuonyesha anakisia tu, nawe ndiwe unayelipia.

Kwa hivyo wewe mwenye gari, liwe la mwaka wa 1972 au la juzi, tenga dakika tano leo hii. Mketishe mtoto kwenye usukani awashe indiketa moja baada ya nyingine, awashe na taa za usiku, akanyage na breki, nawe uzunguke ukitazama. Ikikonyeza upesi kupita kiasi au polepole kupita kiasi, tazama balbu kwanza, na usome wati zake, usitazame kitako tu. Ikiwa balbu ya jirani inachungulia, tafuta athi. Kama gari lina swichi ya taa za hatari na limekaa muda mrefu, isukume na kuivuta mara ishirini hivi, kwa maana katika magari mengi umeme wa indiketa hupitia humo, na kutu huipenda swichi isiyotumika. Na ukitaka kutia zile balbu za kisasa zinazotumia umeme mchache, kumbuka kwamba flasha ya zamani haitazitambua. Itakubidi ununue flasha ya kisasa pia.

Nawe mwanafunzi unayelalamika kwamba fizikia haina kazi, omba ruhusa, fungua boneti ya gari la mjomba au la jirani, umwulize akuonyeshe fyuzi. Binti wa kaka yangu sasa ana mita yake mwenyewe, na wenzake wa bweni humpelekea pasi na taa zao za kusomea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Ufa wetu ulikuwa wa skrubu moja na balbu moja. Ukuta ungekuwa wa shilingi laki moja na nusu. Nakutakia Jumapili njema, na ukitoka, kumbuka kuonyesha unakokwenda.